Jinsi ya kupima virutubisho ambavyo seli za mimea zinafyonza kutoka kwenye midia

Seli za mimea zilizooteshwa kwenye midia ya majimaji (maji yenye virutubisho vyote vya seli) hazili kila kitu kwa kasi moja. Ndani ya flaski ileile, fosfeti inaweza kuwa imekwisha siku ya tatu huku naitreti ikiwa bado tele na kalsiamu ikiwa imepungua kidogo tu. Seli zikiacha kukua siku ya nane, anayeangalia sukari peke yake ataongeza sukari, na hakuna kitakachobadilika, maana kilichokosekana ni kingine. Kipimo kizuri huanza na swali moja: ni miligramu ngapi za kila kirutubisho zimetoka kwenye majimaji na kuingia ndani ya seli, na siku gani?

Maelezo haya ni ya seli huru zinazotikiswa kwenye flaski. Kwa kalasi (bonge la seli zisizo na umbo) iliyo juu ya agari, yaani midia iliyogandishwa, kazi ni ngumu zaidi: virutubisho husafiri polepole ndani ya agari, hivyo chini ya kalasi pakawa pamekwisha huku sentimita mbili pembeni bado pamejaa. Ukitaka takwimu safi, anza na majimaji.

Kirutubisho kinaingiaje

Kwanza kinapita ukuta wa seli. Ukuta una vijitundu vya nanomita chache, vinavyopitisha ayoni na sukari bila shida. Lakini pektini iliyomo ina chaji hasi, nayo hunasa kalsiamu, magnesiamu na chuma mara seli zinapogusa midia mpya. Kunaswa huku hutokea ndani ya dakika na si ufyonzaji. Seli iliyokufa nayo hunasa. Liweke hili akilini, litarudi tukifika kwenye sampuli ya kwanza.

Baada ya ukuta kuna utando wa seli, na hapa ndipo nishati inapotumika. Pampu za protoni zilizo kwenye utando hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kusukuma protoni nje. Ndani ya saitoplazimu pH hubaki karibu na 7.2 hadi 7.5, nje ni kama 5.8 au chini yake, na upande wa ndani huwa na umeme hasi unaozidi milivolti 100. Tofauti hiyo ndiyo inayovuta karibu kila kitu. Potasiamu na amoniamu, zenye chaji chanya, huvutwa ndani na umeme huo. Naitreti, fosfeti na sukari huingia zikiwa zimeambatana na protoni zinazorudi. Ndiyo maana hewa ikipungua ndani ya flaski ufyonzaji wa karibu kila kitu hupungua kwa pamoja: bila oksijeni ATP hupungua, na bila ATP pampu hulala.

Ndani kabisa kuna vakuoli, ambayo ndiyo ghala. Fosfeti na naitreti zinazozidi mahitaji ya siku huhifadhiwa humo. Kwa hiyo midia inaweza kuwa haina fosfeti hata chembe na seli zikaendelea kugawanyika kwa siku kadhaa zikila akiba. Kwisha kwa kirutubisho kwenye midia na kuanza kwa njaa ni siku mbili tofauti, na anayezichanganya atasoma grafu yake vibaya.

Sukrosi ina njia yake. Kwa seli za aina nyingi, kimeng'enya cha invatesi kilichoshikamana na ukuta huikata kuwa glukosi na fruktosi kabla haijaingia. Kwa kawaida glukosi hupungua kwanza, fruktosi hufuata.

Kuandaa seli na midia

Seli za kupima ziwe zimehamishwa angalau mara tatu mfululizo kwa ratiba ileile na kiasi kilekile. Chukua zilizo katikati ya ukuaji wa kasi. Kwa mzunguko wa siku 10, siku ya 5 au 6 inafaa. Usichukue zilizokaa mpaka midia ikaisha. Seli zilizokosa fosfeti huongeza visafirishaji vya fosfeti kwenye utando wao, na ukiziweka kwenye midia mpya zitaimeza yote kwa muda mfupi. Utapata namba ya kuvutia inayoonyesha njaa ya jana badala ya tabia yao ya kawaida.

Midia ya Murashige na Skoog, iliyotolewa mwaka 1962 na kufahamika kama MS, inatosha kuanzia. Kwa kila lita, chumvi kuu ni hizi:

- NH4NO3 miligramu 1,650
- KNO3 miligramu 1,900
- CaCl2·2H2O miligramu 440
- MgSO4·7H2O miligramu 370
- KH2PO4 miligramu 170

Ongeza chuma kilichofungwa na EDTA (FeSO4·7H2O miligramu 27.8 pamoja na Na2EDTA miligramu 37.3), madini ya kiasi kidogo, vitamini, myo-inositoli miligramu 100, homoni ambazo seli zako zimezoea, na sukrosi gramu 30. Ukifanya hesabu, seli zinakutana na amoniamu milimoli 20.6 kwa lita, naitreti 39.4, na fosfeti 1.25 tu. Tazama pengo hilo: naitrojeni ni karibu mara 48 ya fosfeti. Haishangazi kwamba fosfeti ndiyo inayokwisha mapema.

Rekebisha pH iwe 5.8, kisha chemsha kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 20. Baada ya kupoa pima pH tena, kwani mara nyingi hushuka kwa 0.3 hadi 0.5, na sehemu ndogo ya sukrosi huwa imeshakatika kwa joto. Kagua kama kuna mashapo chini ya chupa. Kalsiamu na fosfeti zikichanganywa zikiwa zimekolea sana, au pH ikiwa juu, huganda pamoja na kutua. Fosfeti iliyotua haipo tena kwenye majimaji, na baadaye utadhani imeliwa. Tunga miyeyusho iliyokolea ya kalsiamu na fosfeti katika chupa tofauti, na umimine kila mmoja ndani ya maji mengi huku ukikoroga.

Kupanda

Pitisha seli kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 500 ili kuondoa mabonge. Katikati ya bonge kubwa seli hazipati hewa wala chakula sawa na za nje, na wastani wake hauna maana. Kisha zikusanye kwenye nailoni ya mikromita 40 au 50 na uzioshe mara mbili kwa midia mpya ileile, ili midia ya zamani isiingie kwenye hesabu. Usioshe kwa maji matupu. Ukuta utazizuia zisipasuke papo hapo, lakini mshtuko wa maji kuingia kwa wingi hufanya utando uvuje potasiamu na vingine.

Weka gramu 3 za seli mbichi pamoja na mililita 47 za midia kwenye flaski ya mililita 250. Usipande seli chache mno ili upate mzunguko mrefu. Chini ya ukolezi fulani, ambao hutofautiana kwa kila aina ya seli, seli hukaa tu bila kugawanyika au hufa kabisa, kwa kuwa zinapoteza vitu vyao kwenye majimaji mengi kuliko zinavyoweza kuvifidia. Tikisa kwa mizunguko 110 hadi 120 kwa dakika, kwenye nyuzi 25, gizani kama ndivyo zilivyozoea.

Kila kipimo kitakula flaski nzima. Kuchota mililita mbilimbili kutoka flaski moja kila siku kunabadilisha ujazo, kunaingiza hewa, na kunafungua mlango wa bakteria. Panga flaski 3 kwa kila wakati wa kupima. Kwa nyakati saba (dakika 15, kisha siku ya 1, 2, 3, 5, 7 na 10) hizo ni 21. Ongeza 3 zenye midia bila seli, na 3 za akiba: jumla 27. Zile zisizo na seli si za hiari. Ndizo zitakazokuambia ni maji kiasi gani yamekauka na ni nini kimetua chenyewe. Zipime uzito siku ya kwanza, ziache kwenye mashine ileile, uzipime tena mwishoni.

Sampuli ya dakika 15 ndiyo mwanzo halisi wa hesabu yako. Midia uliyotunga haifai kuwa mwanzo, kwa sababu ya ule mnaso wa ukuta. Ukitaka kujua mnaso ni kiasi gani, chukua flaski ndogo ya ziada yenye seli na midia vilivyopozwa kwenye barafu: ufyonzaji wa kutumia nishati karibu unasimama, mnaso unaendelea. Tofauti kati ya baridi na nyuzi 25 ndiyo kazi ya seli. Kuna sumu za kuzima pampu pia, lakini barafu inatosha na haimdhuru mtu.

Kuchukua sampuli

Pima uzito wa flaski. Chuja seli kwenye karatasi uliyoipima uzito, kwa mvuto mdogo wa pampu ya hewa, na uache mara tu majimaji yanapokoma kudondoka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mvuto mkali hupasua seli, na vakuoli zinamwaga fosfeti na potasiamu ndani ya chupa ya mchujo. Siku ya tano unaona fosfeti "inarudi" kwenye midia. Kama mchujo una povu au rangi kuliko kawaida, punguza mvuto na urudie na flaski ya akiba.

Pima uzito mbichi, kausha seli kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 48, pima uzito mkavu. Mchujo upime pH na upitishaji umeme papo hapo. Unaobaki upitishe kwenye chujio la mikromita 0.22 au 0.45, ugawe kwenye vichupa vidogo, na uugandishe kwa nyuzi −20. Ukiuacha mezani usiku kucha, vimeng'enya vilivyotoka kwenye seli vitaendelea kukata sukrosi.

Chukua pia tone moja la seli kabla ya kuchuja, uliweke rangi ya buluu ya Evans, uangalie kwa hadubini. Seli hai hukaa bila rangi. Zilizokufa hujaa buluu. Zilizokufa zikiwa nyingi, namba zote za siku hiyo zisome kwa tahadhari.

Kupima kila kirutubisho

*Sukari.* Rifraktometa ya mkononi inatoa picha ya haraka, ila inasoma chumvi pamoja na sukari na haitofautishi sukrosi na glukosi. Njia ya fenoli na asidi ya salfuriki huhesabu sukari zote. Zimua mchujo wa siku za mwanzo mara 500, ili gramu 30 kwa lita ziwe miligramu 60. Chukua mililita 1, ongeza mililita 1 ya fenoli ya asilimia 5, kisha mililita 5 za asidi kali kwa haraka, na usome kwenye nanomita 490. Mchanganyiko huu huchemka wenyewe. Fanya ndani ya kabati la kuvuta moshi, ukiwa na glavu na miwani. Ukitumia DNS (njia ya asidi ya dinitrosalisiliki), kumbuka kwamba haioni sukrosi. Siku ya kwanza itakuonyesha sukari kidogo, ya tatu nyingi, kana kwamba seli zinatengeneza sukari, kumbe sukrosi inakatwa tu. Chemsha sampuli na asidi nyepesi kwanza, uondoe uasidi kwa alkali, ndipo upime.

*Fosfeti.* Tumia buluu ya molibdenamu, nanomita 880. MS mpya ina miligramu 38.7 za fosforasi kwa lita, hivyo zimua mara 50 mwanzoni. Siku za baadaye punguza kuzimua, au usizimue kabisa. Vyombo vioshwe kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji safi; sabuni nyingi za vyombo zina fosfeti, na chembe inayobaki inatosha kuharibu siku nzima.

*Naitreti na amoniamu.* Vijikaratasi vya kupima vinatosha kwa kufuatilia mwelekeo. MS mpya ina takribani miligramu 2,440 za naitreti na 370 za amoniamu kwa lita, kwa hiyo zimua mara 10 kwanza. Kwa takwimu za kuandika kwenye ripoti, tumia njia ya asidi ya salisiliki kwa naitreti na buluu ya indofenoli kwa amoniamu, kila moja na mstari wake wa kulinganisha, uliochorwa kwa viwango vinavyojulikana vilivyotengenezwa ndani ya midia isiyo na kirutubisho hicho.

*Upitishaji umeme.* Hiki ni kipimo cha sekunde kumi na hakipewi heshima kinayostahili. Ayoni zikiingia ndani ya seli, upitishaji wa majimaji hushuka, na kwa seli nyingi hushuka sambamba na uzito mkavu unavyopanda. Ukishauchora mstari huo mara moja kwa seli zako, unaweza kukadiria ukuaji bila kuua flaski nyingi. Siku unayouona umegeuka na kuanza kupanda, seli zimeanza kuvuja au kufa.

Hesabu: tumia wingi, usitumie ukolezi

Kosa hili ndilo linaloharibu tafiti nyingi zilizofanywa vizuri mpaka hapo. Seli zinakunywa maji pia. Zikikua zinachukua nafasi ndani ya flaski, na majimaji yaliyo nje yao hupungua. Ukolezi, yaani kiasi kwa kila lita, peke yake haukuambii chochote mpaka uuzidishe kwa ujazo wa majimaji yaliyobaki.

Tuseme ulianza na mililita 47 za majimaji, kalsiamu milimoli 3.0 kwa lita. Siku ya 7 una gramu 12 za seli mbichi, na flaski zisizo na seli zinaonyesha gramu 2 za maji zimekauka. Jumla ya mwanzo ilikuwa gramu 50, hivyo majimaji yaliyobaki ni takribani 50 − 2 − 12 = mililita 36. Kipimo kinasema kalsiamu ni milimoli 3.2 kwa lita. Kwa jicho imeongezeka. Sasa zidisha: mwanzo 47 × 3.0 = mikromoli 141; mwisho 36 × 3.2 = mikromoli 115. Seli zimechukua mikromoli 26, huku ukolezi ukipanda.

Kwenye flaski hiyohiyo, sukari imetoka gramu 30 kwa lita hadi 10. Miligramu 47 × 30 = 1,410, na 36 × 10 = 360; zilizotumika ni 1,050. Kama uzito mkavu ulipanda kutoka gramu 0.18 hadi 0.70, kila gramu ya sukari imetoa karibu nusu gramu ya seli kavu, ambayo ni hali ya afya. Ili kupata kasi, gawanya kwa wastani wa logi wa uzito mkavu, yaani 0.52 ÷ ln(0.70 ÷ 0.18), ambayo ni gramu 0.38, kisha kwa siku 7: takribani miligramu 390 za sukari kwa gramu kavu kwa siku. Fanya hivyo kwa kila kipindi kati ya sampuli mbili. Wastani wa wiki nzima huficha siku ambayo kitu kilikwisha, nayo ndiyo unayoitafuta.

Kusoma pH

pH ya midia ya MS hueleza habari ya naitrojeni kabla hujafungua chupa ya kemikali. Siku za mwanzo seli hupendelea amoniamu, na kila inapoingia na kutumika protoni huachwa nje; pH hushuka hadi 4.5 au karibu yake. Amoniamu ikipungua, naitreti inashika zamu, na kwa kuwa huingia pamoja na protoni, pH hupanda tena kuelekea 5.5 au 6. Umbo hilo la bonde ni dalili njema. Usiharakishe kulirekebisha kwa alkali.

pH ikishuka na isipande, kuna mambo mawili ya kuangalia. Huenda seli zimezimika kabla ya kufika kwenye naitreti, na uzito mkavu utakuwa umesimama. Au kuna bakteria: mchujo si maangavu hata baada ya kupita kwenye karatasi, sukari imeporomoka kwa siku moja, na harufu imebadilika. Flaski hiyo ichemshwe kwenye otoklevu na itupwe pamoja na takwimu zake.

Hitilafu nyingine na marekebisho yake

Sukari inakwenda lakini uzito haupandi: seli zinapumua kuliko zinavyojenga. Angalia fosfeti kwanza. Ikiwa ilikwisha siku nyingi nyuma, ongeza. Kwa seli za tumbaku za BY-2, zinazojulikana kwa kukua kasi mno, KH2PO4 hupandishwa kutoka miligramu 170 hadi 370 kwa lita, na thiamini hadi miligramu 1. Pandisha kwa hatua, maana kwa seli zinazooteshwa kwa ajili ya dawa au rangi, fosfeti nyingi huweza kukuza seli na kupunguza kile unachokitaka.

Vyote vinapungua polepole kwa pamoja: ni hewa. Punguza ujazo ndani ya flaski, badilisha kizibo kilicholowa, au ongeza mzunguko kidogo. Seli za mimea ni kubwa na huumia kwa mtikisiko mkali, basi ongeza mizunguko 10 kwa mara moja na uangalie buluu ya Evans.

Amoniamu inabaki nyingi na seli zinageuka kahawia: punguza NH4NO3 hadi miligramu 825, lakini ujue kwamba umeondoa naitreti pia. Ili naitreti ibaki palepale, pandisha KNO3 kutoka 1,900 hadi takribani 2,940. Potasiamu nayo itapanda kwa milimoli 10.3, hivyo weka kundi moja la flaski zenye KCl ya kiasi hicho kwenye midia ya kawaida. Bila kundi hilo hutaweza kusema mabadiliko yameletwa na amoniamu au na potasiamu. Usiende upande wa pili ukaacha amoniamu peke yake kama chanzo cha naitrojeni: pH itaporomoka, na seli nyingi hazikui hivyo isipokuwa zimepewa asidi ogania kama ya saksiniki.

Kirutubisho kinachokwisha siku ya 3 unaweza pia kukiongeza katikati badala ya kukirundika mwanzoni. Andaa KH2PO4 iliyokolea, ichemshe peke yake, na siku ya 4 weka mililita 0.5 kwa kila flaski ndani ya kabati la hewa safi. Flaski za kulinganisha zipewe mililita 0.5 za maji yaliyochemshwa vilevile, zifunguliwe na kufungwa kwa muda uleule. Kisha pima siku ya 5 asubuhi: fosfeti ikiwa imeshatoweka tena na uzito mkavu unapanda kupita flaski za maji, umepata kilichokuwa kinazizuia.